Jamnalal Bajaj: tajiri aliyeacha jina lake kwenye tenki la pikipiki

Ukikaa dakika kumi kwenye kijiwe chochote cha pikipiki huko Nyakabanda, iwe upande wa kupandia Nyamirambo au ule wa kuteremkia Kimisagara, hutakosa kusikia ubishi ambao haujapata mshindi kwa miaka mingi. Wapo mamotari wa TVS, ambao ndio wengi hapa Kigali, na wapo wale wa Boxer, wachache lakini wenye maneno. Wa TVS husema pikipiki yao inapanda kilima bila kulalamika na inakunywa mafuta kidogo. Wa Boxer hujibu kwamba yao inabeba magunia kwenye barabara ya vumbi mwaka hadi mwaka, na kwamba anayetaka ushahidi avuke mpaka wa Gatuna akaone bodaboda za Kampala.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaujua ubishi huu kwa kuwa wanaupanda kila wiki. Akiwa Kigali mfanyabiashara anabebwa na TVS, akifika Uganda anabebwa na Boxer, na akishuka Dar es Salaam kufuata bidhaa anabebwa na bajaji ya magurudumu matatu. Nchini Tanzania jina hilo la mwisho limekwisha kuwa neno la kawaida la Kiswahili. Watu hukodi bajaji, huegesha bajaji, hugombana na dereva wa bajaji, bila kukumbuka kwamba hilo ni jina la ukoo wa watu.

Jina hilo ndilo lililoandikwa kwenye tenki la Boxer. Lilikuwa la mtu mmoja aitwaye Jamnalal Bajaj, mfanyabiashara wa Kihindi aliyefariki dunia mwaka 1942, kabla ya kampuni ya pikipiki yenye jina lake kuundwa. Hakuuza pikipiki hata moja. Katika miaka yake ya ukubwani jina lake lilijulikana zaidi kwa jela, kwa nguo za kufumwa kwa mkono na kwa fedha alizotoa kuliko fedha alizopata. Ndugu msomaji, kwa kuwa wengi wetu tunaweka riziki zetu juu ya jina hilo, si vibaya tukamjua mwenyewe.

Mtoto aliyehamishiwa nyumba nyingine

Jamnalal alizaliwa tarehe 4 Novemba 1889 katika kijiji kidogo cha Kashi ka Bas, karibu na mji wa Sikar, eneo ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Rajasthan, India. Ni nchi kavu, yenye mchanga mwingi na mvua chache. Wazazi wake, Kaniram na Birdibai, walikuwa watu wa kawaida wasio na mali.

Watu wa huko, wanaoitwa Marwari, wana sifa ya biashara ya mbali. Kwa kuwa ardhi yao haikuwapa kitu, vijana walitoka wakaenda kufungua maduka katika miji mingine ya India, na baadhi yao wakatajirika. Mmoja wa hao alikuwa Seth Bachhraj, jamaa wa mbali wa ukoo huo, aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa katika mji wa Wardha, katikati ya India. Bachhraj na mkewe Sadibai walikuwa na mali lakini hawakuwa na wa kuirithi. Walipomwona mtoto Jamnalal wakamtaka awe mjukuu wao wa kupanga.

Familia husimulia kwamba wazazi wa mtoto hawakutaka kupokea fedha. Waliomba jambo moja tu, kijiji kichimbiwe kisima, maana maji yalikuwa ya shida. Hivyo mtoto akaenda Wardha, na kijiji kikapata maji.

Wasomaji wa ukurasa huu wataelewa jambo hilo kuliko wengine. Wengi wetu tulilelewa kwenye nyumba zisizo zetu, katika nchi zisizo zetu, tukala ugali wa watu na kusoma katika shule zao. Mtoto wa namna hiyo hukua akijua mapema kwamba mali iliyo mbele yake ni ya mwenye nyumba, na kwamba anayekupa leo anaweza kukukumbusha kesho. Jamnalal alikumbushwa.

Alisoma miaka michache tu ya shule ya msingi, kisha akaingizwa dukani kujifunza hesabu na biashara. Mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 12, aliozeshwa Janakidevi, binti aliyekuwa mdogo kuliko yeye, kama ilivyokuwa desturi ya jamii zao wakati ule.

Alipofikisha miaka 17 ulitokea ugomvi mkubwa nyumbani. Inasimuliwa kwamba mzee Bachhraj alimtaka avae vito vya thamani kwenda harusini, kijana akakataa, na mzee kwa hasira akamtamkia maneno ya kumkumbusha alikotoka na mali anayokula ni ya nani. Kijana hakujibu kwa mdomo. Alikaa akaandika barua ya kukana haki yoyote juu ya mali ya nyumba ile, akaaga, akaondoka mikono mitupu. Wakubwa wa nyumba walimfuata na kumbembeleza hadi akarudi. Muda si mrefu baadaye mzee alifariki na mali yote ikawa yake.

Hapo ndipo wanaosimulia maisha yake huona mwanzo wa mambo yote. Kijana yule alirithi utajiri ambao alikuwa ameshaukana kwa maandishi. Kwa maisha yake yote yaliyobaki aliendesha mali ile kama mtu aliyewekewa amana, si kama mtu aliyeokota bahati.

Biashara ya pamba na uaminifu wa mizani

Wardha ni mji wa pamba. Wakulima walileta pamba yao, wafanyabiashara wakainunua, ikachambuliwa mbegu, ikafungwa marobota na kupelekwa Bombay ili isafirishwe Uingereza. Ilikuwa biashara yenye ujanja mwingi. Baadhi ya wafanyabiashara walizoea kunyunyizia pamba maji ili uzito uongezeke kwenye mizani. Kila mwenye kuuza maharage au mahindi katika masoko yetu ya mpakani anaujua mchezo huo kwa majina yake mengine.

Inasimuliwa kwamba Jamnalal aliwakataza watu wake kufanya hivyo, ingawa waliomzunguka walimwambia atapata hasara. Mwanzoni pamba yake ilionekana ghali. Baadaye wanunuzi wakajua kwamba robota lenye alama ya nyumba yake lina pamba tupu, na wakawa tayari kulilipia zaidi. Hiyo ndiyo maana ya awali kabisa ya chapa. Kabla ya matangazo ya redio na mabango ya barabarani, alama juu ya mzigo ilikuwa ahadi tu ya mtu kwa mtu asiyemwona.

Biashara zake zilikua. Mwaka 1926 ndio unaohesabiwa kuwa mwaka wa kuanzishwa kwa kundi la kampuni za Bajaj. Katika miaka ya 1930 familia iliingia katika kiwanda cha sukari kaskazini mwa India na baadaye katika chuma. Lakini wakati huo huo mwenye mali alikuwa amekwisha kupata shughuli nyingine iliyomchukua moyo wote.

Mwana wa tano wa Gandhi

Mwaka 1915 wakili mmoja aitwaye Mohandas Gandhi alirejea India baada ya kuishi Afrika Kusini kwa zaidi ya miaka 20. Naye alikuwa mtu aliyerudi kutoka ughaibuni, ambaye nchi yake ilikuwa bado haijamzoea. Jamnalal alisikia habari zake, akaenda kumwona katika makazi aliyoyaanzisha huko Ahmedabad, akachunguza kama anayoyasema ndiyo anayoyaishi. Alirudi mara kwa mara hadi aliporidhika.

Mwaka 1920 chama cha Congress kilifanya mkutano wake mkuu mjini Nagpur, si mbali na Wardha, na Jamnalal ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mapokezi. Wakati huo alimwomba Gandhi jambo la ajabu, kwamba amkubali awe mwanawe. Gandhi alikuwa na watoto wanne wa kiume wa kuwazaa, na kuanzia hapo Jamnalal akahesabiwa kuwa wa tano. Tuangalie jambo hilo vizuri. Mara ya kwanza alichukuliwa na tajiri bila kuulizwa, akiwa mtoto. Mara ya pili alijichagulia mwenyewe baba, tena baba asiye na kitu.

Gharama yake haikuwa ndogo. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imempa cheo cha heshima cha Rai Bahadur, ambacho wafanyabiashara wengi walikitamani kwa kuwa kilifungua milango ya ofisi. Mwaka 1921 alikirudisha. Mwaka huo huo alitoa rupia 100,000 kwa ajili ya kuwasaidia mawakili walioacha mahakama za wakoloni kwa kuitikia wito wa kutoshirikiana na serikali. Akawa pia mtunza hazina wa Congress, kazi aliyoishika kwa muda mrefu wa maisha yake.

Ndani ya nyumba nako mambo yalibadilika. Janakidevi alivua vito vyake vya dhahabu na kuacha desturi ya wanawake wa ukoo wao ya kujifunika uso na kukaa ndani. Nguo zote za kigeni zilitolewa nje zikachomwa moto, na familia ikaanza kuvaa khadi, yaani kitambaa kilichosokotwa na kufumwa kwa mkono nchini.

Leo tunaposema mteja ni mwaminifu kwa chapa fulani, tunamaanisha anapenda bei yake au sura yake. Kwa Wahindi wa miaka ile kitambaa kilikuwa jambo zito kuliko hapo. Pamba ya Wardha ilikwenda Uingereza kwa bei ndogo na kurudi ikiwa nguo za viwanda kwa bei kubwa, huku mfumaji wa kijijini akifa njaa. Mtu aliyevaa khadi alikuwa ametangaza yuko upande gani. Na kwa mfanyabiashara wa pamba kama Jamnalal, kuunga mkono khadi kulikuwa ni kuukata mkono uliokuwa ukimlisha.

Gari lililokosa mnunuzi

Mwaka 1923 ulizuka mgogoro wa bendera mjini Nagpur. Serikali ilikataza maandamano ya kubeba bendera ya wapigania uhuru katika sehemu ya mji waliyoishi Wazungu. Watu wakaamua kwenda na bendera yao kila siku, na kila siku wakakamatwa. Jamnalal ndiye aliyekuwa kiongozi wa kampeni hiyo. Alihukumiwa kifungo na faini ya rupia 3,000.

Alikwenda jela, lakini faini hakuilipa. Serikali ikakamata motokaa yake ili ipigwe mnada. Wakati ule motokaa ilikuwa kitu cha fahari na matajiri wa Nagpur walikuwepo, lakini hakujitokeza hata mmoja wa kuinunua. Ilibidi ipelekwe mbali kutafutiwa mteja.

Ukisikia ubishi wa vijiweni kuhusu nani ana wateja waaminifu zaidi, kumbuka gari lile. Hakuna kampuni iliyopata kuwa na wateja wa namna hiyo, watu wanaokataa kitu cha bei rahisi kwa sababu tu kimenyang'anywa kwa mtu wanayemheshimu. Wala watu wa Nagpur hawakuwa wakiitetea chapa ya gari. Walikuwa wanamtetea mwenye gari.

Hekalu, kijiji na jela tena

Mwaka 1928 Jamnalal alifanya jambo lililowakasirisha watu wa tabaka lake kuliko yote. Familia yake ilikuwa na hekalu mjini Wardha, lililojengwa na Bachhraj. Kwa desturi, watu wa tabaka la chini walioitwa wasioguswa hawakuruhusiwa kuingia katika mahekalu ya namna hiyo. Jamnalal aliwafungulia milango. Lilikuwa miongoni mwa mahekalu ya kwanza nchini India kufanya hivyo. Baadhi ya jamaa walimtenga, wakakataa kula naye. Hakurudi nyuma.

Sisi Wanyarwanda hatuhitaji kuelezwa sana mtu kubaguliwa kwa alikozaliwa kunaishia wapi. Tunajua pia kwamba maneno ya kupinga ubaguzi ni rahisi, na kwamba ugumu huja pale unapotakiwa kufungua mlango ulio na funguo zake mfukoni mwako, mbele ya ndugu zako wa damu.

Mwaka 1930, Gandhi alipofanya matembezi yake ya chumvi, Jamnalal aliongoza kambi ya wapigania uhuru karibu na Bombay, akafungwa tena. Baada ya hapo Gandhi alihamia Wardha kwa mwaliko wake. Mwaka 1936 akaenda kuishi katika kijiji cha jirani ambako Jamnalal alikuwa na mashamba. Kijiji hicho ndicho kilichokuja kuitwa Sevagram, maana yake kijiji cha huduma, na kwa miaka kadhaa mambo makubwa ya uhuru wa India yalijadiliwa katika vibanda vyake vya udongo. Viongozi waliokuja kumwona Gandhi walifikia na kula katika nyumba ya wageni ya Jamnalal.

Alishughulika pia na suala la lugha. Mwaka 1937 aliongoza mkutano mkuu wa fasihi ya Kihindi uliofanyika Madras, kusini, ambako watu wana lugha zao nyingine kabisa. Aliamini wafanyabiashara, wakulima na wanasiasa wa nchi kubwa kama ile wanahitaji lugha moja ya kusikilizana. Anayetoka Kigali akauza Bukavu, Kampala na Mwanza kwa Kiswahili kimoja anaelewa alichokuwa akikitafuta.

Alifungwa tena mwaka 1939 katika mgogoro wa haki za raia katika utawala wa kifalme wa Jaipur, kwenye eneo alikozaliwa, na tena katika kampeni ya mwaka 1940 na 1941. Alipotoka afya yake ilikuwa imedhoofika. Akaachana na siasa, akaamua kushughulika na utunzaji wa ng'ombe wa wanakijiji. Tarehe 11 Februari 1942 alifariki ghafla mjini Wardha, akiwa na umri wa miaka 52.

Gandhi alihuzunika sana. Alieleza baadaye kwamba kila alipoandika juu ya matajiri kuwa wadhamini wa mali kwa ajili ya wengine, aliyekuwa akimfikiria hasa ni Jamnalal. Janakidevi alijitoa katika kazi za huduma kwa miaka mingi iliyofuata, na mwaka 1956 serikali ya India huru ikamtunuku nishani ya Padma Vibhushan. Alifariki mwaka 1979.

Pikipiki zikaja baadaye

Mtu atauliza, pikipiki ziko wapi katika habari hii? Zilikuja baada yake. Mwaka 1945 familia ilianzisha kampuni ya biashara iliyopewa jina la yule mzee Bachhraj, ndiyo iliyokuja kuwa Bajaj Auto. Aliyeishika ni mtoto mkubwa wa Jamnalal, Kamalnayan. Kwanza waliagiza vyombo vya magurudumu mawili na matatu kutoka nje, na mwaka 1959 wakapata kibali cha kutengeneza nchini kwa ushirikiano na kampuni ya Piaggio ya Italia, watengenezaji wa Vespa. Mkataba huo ulipokwisha mwaka 1971 wakatoa skuta yao wenyewe, Chetak, mwaka 1972. Enzi hizo serikali ya India ilipanga hata idadi ya vyombo ambavyo kiwanda kinaruhusiwa kutengeneza, kwa hiyo mteja aliweza kulipa na kusubiri kwa miaka. Katika miaka ya 1980 wakaingia katika pikipiki kwa ushirikiano na Kawasaki ya Japani, na katika miaka ya 1990 ikatoka Boxer. Mjukuu wa Jamnalal, Rahul Bajaj, aliyeiongoza kampuni kwa miaka mingi, alifariki tarehe 12 Februari 2022, miaka 80 na siku moja baada ya babu yake.

Na wa TVS wasidhani wamesahauliwa. Herufi hizo tatu nazo ni za mtu. Ni T. V. Sundaram Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1877 kusini kabisa mwa India na kufariki mwaka 1955. Alifanya kazi ya sheria, ya reli na ya benki kabla ya kuanzisha biashara ya mabasi mjini Madurai mwanzoni mwa miaka ya 1910. Sifa yake ilikuwa basi kufika kwa wakati. Wajukuu na kampuni zao walianza kutengeneza pikipiki ndogo huko Hosur mwaka 1980, wakashirikiana na Suzuki ya Japani hadi mwaka 2001, na walipoachana wakatoa Victor, iliyobuniwa na mafundi wao wenyewe. Hiyo Victor ndiyo wakazi wa Kigali wanaoijua kama mkono wao.

Sasa lipo jambo ambalo wabishi wa Nyakabanda wangependa kulijua. Sundaram naye alikuwa na binti, Soundaram, aliyefiwa na mume akiwa bado kijana. Desturi ya tabaka lao ilimtaka mjane wa namna hiyo ajifungie maisha yake yote. Baba yake hakulikubali hilo, akamsomesha akawa daktari. Mwaka 1940 Soundaram aliolewa tena, kwa baraka za Gandhi mwenyewe, na mume wa tabaka jingine, G. Ramachandran, na wawili hao wakaja kuanzisha kituo cha Gandhigram mwaka 1947. Kwa hiyo majina mawili yanayogombaniwa kwenye vijiwe vyetu, moja la kaskazini na jingine la kusini mwa India, yalikuwa yamepita kwenye mlango wa mzee mmoja aliyependa kutembea kwa miguu.

Kinachomfanya mtu ashikilie chapa

Tusiseme kwamba motari wa Nyakabanda ananunua Boxer au TVS kwa sababu ya Gandhi. Ananunua kwa hesabu. Pikipiki nyingi huanza kwa mkopo, au ni za tajiri anayesubiri hesabu yake kila jioni. Ikilala siku moja kwa fundi, siku hiyo watoto wanasikia. Ndiyo maana swali la kwanza la mnunuzi mwenye akili huwa ni spea. Akiharibikiwa na klachi au cheni Kigali, duka la kwanza atakaloingia Gatsata lina spea za TVS, na fundi wa kwanza atakayemkuta amekwisha kufungua injini za TVS tangu akiwa mwanafunzi. Akitaka kuiuza, mnunuzi yupo. Kampala mambo ni yale yale kwa upande wa Boxer. Wengi wanaifuata kwa sababu wengi wanayo, na kwa sababu wengi wanayo ndiyo maana spea zipo.

Kwa hiyo uaminifu wa motari kwa chapa yake, ukiutazama ndani, ni uaminifu kwa mtandao wa watu: fundi, muuza spea, motari mwenzake anayemwazima plagi usiku. Jina kwenye tenki ni kifupi cha hao wote. Mpakani ni hivyo hivyo. Mama anayeuza nyanya Rusumo hana kampuni wala nembo, lakini wateja wa upande wa pili wanamsubiri yeye kwa sababu chini ya kapu lake nyanya ni zile zile za juu.

Mambo nayo yanabadilika. Kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria jijini Kigali ni lazima ziwe za umeme, na majina kama Ampersand na Spiro yamekwisha kuingia katika ubishi wa vijiweni. Wanabishana sasa juu ya betri na vituo vya kuibadilishia, kama baba zao walivyobishana juu ya pistoni. Huenda siku moja watoto wa Nyakabanda wasijue Boxer ilikuwa inalia vipi. Mashine zina muda wake.

Jamnalal Bajaj alijua mapema kwamba mali nayo ina muda wake, ndiyo maana aliikana akiwa na miaka 17. Alichokiacha kwa warithi wake, mbali na viwanda, ni robota la pamba lisilo na maji, hekalu lenye mlango wazi na gari lililokosa mnunuzi. Vijana wa kijiweni waendelee kubishana, maana ubishi wa chapa haujaua mtu. Ila mwenye kuanzisha duka, kioski au kibanda cha spea leo na kukipa jina la ukoo wake, na ajue kwamba jina hilo litasomwa na watu asiowajua, katika nchi asiyoifikiria, muda mrefu baada ya yeye mwenyewe kuzikwa.